Intumba za Cornelia

Pito, Sumbawanga
8 Oktoba 2023

Mwanangu Jane,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia huko uliko, tena kwa sauti ya kitawa, kwa hiyo naendelea.

Mimi mzima, isipokuwa magoti. Yamenianza ghafla mwaka huu. Nikipiga goti kanisani, Padre anamaliza baraka, watu wanatoka nje, na mimi bado nainuka. Usicheke, katekista wa miaka yote hii kushindwa kupiga goti ni aibu.

Huku mahindi karibu yote yameuzwa. Wengine walilala foleni kwenye ghala la serikali, wengine wamewauzia wenye malori yanayokwenda mpakani Kasesya kuvukia Zambia. Kaka yako Meshack anapita hapa na pikipiki, simu sikioni, anatutangazia bei ya ng'ambo kana kwamba anasoma Injili. Na matrekta yameongezeka. Yupo kijana mmoja mfanyabiashara kutoka Mbeya, Andwele, amekodi bonde zima upande wa barabarani, mahindi matupu na mbolea ya mifuko. Ana adabu, shikamoo yake haikosekani, lakini akikusalimia macho yanaangalia udongo ulioukanyaga. Vilima vya intumba sasa unaviona kwa wazee tu. Vijana wanasema ile ni adhabu, si kilimo. Wanataka wapande leo wavune jana.

Shamba la Mama yako kule mahameni liko salama. Intumba zipo, zinangoja mvua. Usiumize kichwa kwa hilo, wewe sali.

Baba yako,
Felisian

*

Nyumba ya Unovisi
22 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Milele amina. Shikamoo.

Barua yako nimeisoma bustanini. Mama Mlezi amenipanga huko tangu siku ya kwanza aliposikia mimi ni Mfipa, anadhani sisi tumezaliwa na jembe mkononi. Simu bado hatuna na hatutakuwa nayo mpaka mwaka wa unovisi uishe, kwa hiyo usiache kuandika.

Juzi nilikuwa nawaeleza wenzangu juu ya intumba. Nikawaambia: mvua zikielekea kwisha unakata majani, unayalundika, unayafunika kwa mabonge ya udongo mpaka unapata kilima cha mviringo, juu yake unapanda maharage. Majani yanaozea humo. Mvua za mwaka unaofuata zikianza unakivunja, unautawanya ule udongo mweusi, unamwaga ulezi. Lydia, anatoka Tanga, akaniuliza, "Mwaka mzima mnasubiri majani yaoze?" Nikacheka. Kisha nikaanza kuwasimulia jinsi Mama alivyokuwa anatupeleka mahameni tukiwa wadogo, anatuonyesha mahali nyumba ya babu ilipokuwa kabla serikali haijawahamishia watu barabarani mwaka sabini na nne, na lile tanuru la kuyeyushia chuma ambalo wazee wake walilijenga. Kila mtu alihama akasahau, yeye akawa anarudi kulima. Hapo nikashindwa kuendelea, Lydia akanishika bega.

Baba, bado inaniuma kwamba basi liliharibika njiani nikafika mmeshamzika. Sikumwona wala sikumwaga hata konzi ya udongo. Hilo naliweka kwenye sala kila siku na kila siku nalikuta palepale.

Nani alikusaidia kulima zile intumba mwaka huu? Najua Mama alikuwa ameshaanza kuugua. Nikimjua nitamwombea kwa jina.

Nakutumia dawa ya kuchua ya mkaratusi, tunaitengeneza wenyewe. Paka asubuhi na jioni, usibishe.

Binti yako,
Jane

*

Sumbawanga mjini
12 Novemba 2023

Sista Jane,

Mambo? Najua huruhusiwi kujibu poa, jibu kimoyomoyo.

Naandika kwa sababu ya Mzee. Mvua imeanza, wenzake wote wako shambani, yeye hajagusa jembe. Ukimuuliza anasema magoti. Haya, nikamkodia trekta kwa ajili ya shamba la Mama. Jane, alisimama mbele ya lile trekta kama trafiki! Eti litabonyeza udongo. Dereva akageuza, mimi nikabaki naomba radhi.

Na hayo magoti siyaelewi. Kila jioni anachukua fimbo, anakwenda mpaka mahameni, na huko si karibu, anarudi giza limeingia. Nafikiri anakwenda kuangalia kazi inavyomshinda. Unamjua, hawezi kuomba msaada. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa anawapangia watu zamu za kusaidia wajane.

Shida yenyewe ni hii. Mjomba Benjamini amesema mbele ya ukoo kwamba lile shamba alipewa dada yao alilime, na dada yao hayupo. Likipita Krismasi bila jembe, linarudi kwa ukoo, na Andwele ameshaomba akodishiwe. Sheria yao ni hiyo tangu zamani, shamba ni la anayelilima. Likienda, limekwenda. Lile ndilo kitu pekee Mama alichokuwa nacho chake mwenyewe.

Mimi Mzee ananiona mchuuzi tu. Wewe anakusikiliza. Fanya kitu.

Kaka yako,
Meshack

*

Nyumba ya Unovisi
26 Novemba 2023

Kaka Meshack,

Nimelia, kisha nimekasirika, sasa nimepata akili.

Shamba la Mama haliondoki. Baba aliniandikia zamani kidogo kwamba mwanzoni mwa Desemba anakwenda Namanyere kwenye harusi ya binti wa baba mdogo Zenon, na atakaa huko wiki nzima. Basi akishapanda gari tu, wewe nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya. Mwambie katekista wao anaumwa magoti na anaona haya kusema. Waje wote na majembe. Wavunje intumba zote, wasiache hata moja, na ulezi umwagwe siku hiyohiyo. Mbegu ipo darini kwenye kibuyu kikubwa, Mama alikuwa anaiweka hapo. Wapikie watu vizuri.

Usimwambie Baba. Ukimwambia atakataa, atasema tusiwasumbue waumini. Arudi akute kazi imekwisha, iwe zawadi yetu ya Krismasi sisi wawili.

Kuanzia Jumapili ijayo tunaingia Majilio. Kipindi hicho hatupokei wala hatuandiki barua, zinawekwa ofisini kwa Mama Mlezi mpaka Krismasi. Kwa hiyo usisubiri neno lingine kutoka kwangu. Nakuamini, fanya tu.

Dada yako,
Jane

*

Pito
28 Novemba 2023

Mwanangu Jane,

Tumsifu Yesu Kristo.

Dawa imefika. Nimeipaka, nyumba nzima imenukia, na sasa inabidi nikuambie ukweli, maana nimeona haya kupaka dawa ya watawa kwenye magoti mazima. Magoti yangu hayana kitu.

Uliniuliza nani alilima intumba za mahameni. Ni Mama yako, peke yake. Kwaresima yote mimi nilikuwa kanisani nawaandaa wakatekumeni wangu kwa ubatizo, yeye akawa kule. Nilidhani ameita wanawake wenzake. Hakuita mtu. Nimelijua hilo baada ya kumzika, nilipokwenda kuvuna maharage. Unakumbuka alivyoshika jembe kwa kushoto. Intumba ya mtu wa kushoto, mabonge yake yanalala upande mwingine, huwezi kukosea. Nilizizunguka zote, na zote ni zake.

Halafu kuna jambo jingine. Zile za juu karibu na tanuru ni kubwa, amezipigapiga kwa mgongo wa jembe mpaka zikawa laini. Ukiteremka kuelekea kijito zinaanza kupungua ukubwa. Zinapungua, zinapungua, na katikati unakuta jiwe alilolisogeza ili apate pa kukaa. Ya mwisho kabisa, kando ya maji, ilifunikwa nusu. Nyumbani alikuwa anasema ni uchovu tu, kesho atakuwa sawa, na mimi nikaridhika, nikala, nikalala. Ugonjwa wake wote uko pale chini, Jane. Nimeuona baada ya yeye kuondoka.

Sasa niambie, hizo nizivunje? Nimejaribu. Mvua ya kwanza nilichukua jembe nikasimama juu ya ile kubwa, mikono ikakataa. Nikasema magoti, kwa sababu mzee hawezi kuwaambia watu kwamba analilia vilima vya udongo. Kila jioni nakwenda, nakaa kwenye lile jiwe, namweleza mambo ya siku. Kaburini Meshack amemjengea vizuri, saruji na vigae, namshukuru, lakini hakuna chochote pale alichokigusa yeye. Kule ndiko kwenye mikono yake. Meshack sijamwambia. Atanihurumia, na huruma ya Meshack inakuja na trekta.

Jana nilimwendea mjomba wako Benjamini nikamweleza yote. Alivua kofia. Ni dada yake. Kisha akasema, "Shemeji, wewe fungua mstari mmoja tu pale juu, umwage ulezi kidogo, nikiulizwa na ukoo niseme shamba limelimwa. Nyingine ziache hata miaka mitatu. Andwele nitamjibu mimi." Tukashikana mikono. Nimelala usingizi mzuri jana, wa kwanza tangu Mei.

Kwa hiyo nikitoka Namanyere nitafungua mstari huo mmoja kwa mkono wangu. Zilizobaki zinakusubiri wewe. Hukumzika Mama yako, najua unavyoumia, ingawa nilikujibu kiume nikasema mapenzi ya Mungu. Ukija likizo Juni tutakwenda wote, utazigusa moja moja, kisha kama utasema tuzivunje, tutazivunja. Hilo tu ndilo ninalokuomba. Sijawahi kukuomba kitu kingine.

Baba yako,
Felisian

*

Sumbawanga mjini
10 Desemba 2023

Sista,

Kazi imekwisha! Najua utaisoma hii Krismasi, basi ichukue kama zawadi.

Jumuiya yote ilitoka. Walianza na sala, wakashika wimbo, na kabla jua halijawa kali nusu ya shamba ilikuwa chini. Hata Andwele alikuja na vijana wake, akavua viatu, akalima kuliko mimi. Alisema kwao Mbeya naye ana baba. Sasa nashindwa hata kumchukia.

Na udongo, Jane! Hujawahi kuona udongo mweusi namna ile. Ukiushika unavunjika wenyewe. Intumba zenyewe zilikuwa imara, zimepigwapigwa juu kama mtu alikuwa anatengeneza keki. Kule kijitoni zilikuwa ndogondogo, nadhani aliyelima alikuwa anaharakisha kwenda nyumbani. Moja haikumaliziwa, tukaisawazisha nayo. Kuna jiwe lilikuwa katikati ya shamba linazuia majembe, tukalisukumia majini.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mama Dominika, rafiki yake Mama, alifika, akainama kwenye intumba ya kwanza akaiangalia. Akasema, "Hii ni ya Cornelia." Nikamwambia, ndiyo mama, shamba ni lake. Akasema, "Sisemi shamba." Akaweka jembe begani, akaondoka zake. Sijui nani alimuudhi. Wengine walikaa mpaka chakula.

Ulezi umemwagwa wote. Hakuna wa kutunyang'anya sasa. Mzee anarudi wiki hii, natamani ungemwona uso wake.

Meshack

*

Pito
17 Desemba 2023

Mwanangu Jane,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimerudi salama. Harusi ilikuwa nzuri, bibi harusi alilia kama ilivyo desturi, Zenon akalia zaidi yake.

Nimekuta mmenifanyia kazi kubwa. Meshack ananiambia wazo lilikuwa lako. Asante sana, mwanangu. Nimekwenda kuliona shamba, limelimwa vizuri, hawakuacha hata pembe. Nimewashukuru jumuiya leo baada ya ibada.

Ile barua yangu ya mwishoni mwa Novemba, kama hujaifungua, usiifungue. Nilikuwa na homa nilipoiandika, nimeandika mambo ya ovyo. Mpe Mama Mlezi aichome.

Magoti yanaendelea vizuri kwa ile dawa.

Baba yako,
Felisian

*

Nyumba ya Unovisi
25 Desemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo.

Leo baada ya misa ya asubuhi Mama Mlezi aligawa barua. Yangu ilikuwa bahasha tatu zimefungwa kwa uzi. Nilifurahi mpaka wenzangu wakanitania. Nikazipanga kwa tarehe, ili nipate utamu wote kwa mpangilio, nikaanza na yako ya Novemba.

Kwa hiyo nimeisoma, Baba. Nilipofika kwenye yako ya mwisho, unaponiambia nisiifungue, nilikuwa nimeshaimaliza.

Sijala chakula cha Krismasi. Nimemwambia Mama Mlezi tumbo linauma, na sasa nimekuwa mwongo kama wewe. Nimekaa bustanini mvua ikininyeshea mpaka Lydia akaja kunitoa. Nilikuwa najiambia, kama ningeandika wiki moja baadaye. Kama wangenipa ile barua mlangoni, kabla ya Majilio. Niliandika kwa mkono wangu "wasiache hata moja." Naliona neno hilo kila nikifumba macho. Uliniomba kitu kimoja katika maisha yangu yote, na mimi nilikuwa nimeshatuma watu wakakiharibu, wakiimba.

Nisamehe. Sijui niseme nini kingine, nisamehe Baba.

Usiniandikie tena barua kama ile ya tarehe kumi na saba. Heri unitukane. Niambie ukweli, hakuna hata moja iliyobaki? Hata ile iliyofunikwa nusu?

Jane

*

Pito
14 Januari 2024

Mwanangu Jane,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako aliniletea Padre mwenyewe, akakaa mpaka nikaimaliza. Umesema nikuambie ukweli, basi nakuambia, na baada ya hapo tutaendelea kuishi.

Hapana, hakuna iliyobaki. Siku niliyotoka Namanyere sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja na koti la harusi. Nilikuwa nimepanga njiani nianzie mstari upi. Nilipotokeza pale kwenye tanuru nilidhani nimekosea njia. Nikateremka mpaka kijitoni nikatafuta ile ya mwisho kwa mikono, kwenye tope, nikidhani labda pale mwishoni walichoka, labda mvua iliwafukuza. Watu wa jumuiya hawaachi kazi nusu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Benjamini alinikuta huko jioni, akanivika koti lake, tukarudi.

Usiniombe msamaha. Nikisema nimekusamehe itakuwa nimesema ulikosa, na hukukosa. Uliona baba mgonjwa na shamba linaondoka, ukafanya kile ambacho Mama yako angekifanya. Yeye angenicheka kwanza, kisha angezivunja mwenyewe mbele yangu, maana hakuwahi kulima kwa ajili ya kutazamwa. Kama ningewaambia watoto wangu kwamba nalia, kila mmoja wenu angelia pamoja nami na zile intumba zingekuwepo leo. Niliona heri nionekane kilema. Hilo ni langu, usinipokonye ukalibeba wewe.

Meshack nimemwambia jana. Hakupiga simu kwa mtu yeyote, hakusema habari ya trekta. Alikaa chini pale mlangoni na helmeti yake kichwani, akalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Mama Dominika naye nimekwenda kumsalimia. Ananiambia alirudi nyumbani siku ile akajifungia.

Lakini naumia, Jane. Umetaka ukweli, ndio huo. Jioni ikifika mwili unainuka wenyewe, fimbo nimeshika, kisha nakumbuka sina pa kwenda. Nakwenda kaburini. Nasimama mbele ya vigae na sipati cha kumwambia.

Ulezi umeota. Watu wanasema kwa Ufipa yote mwaka huu hawajaona ulezi wa kijani namna ile, Andwele anasimamisha trekta barabarani anapanda mpaka kule kuuangalia. Anamuuliza Benjamini ni mbolea gani. Mimi bado sijaenda kuuona. Nimefika mara mbili mpaka njia panda, nikarudi.

Juni utakapokuja utakuwa umeshavunwa, utakuta mabua tu. Njoo hivyohivyo. Tutakwenda wote wawili, nitakushika mkono nikuonyeshe alipoanzia, alipopumzika, na ile ya mwisho ilikuwa wapi. Kila usiku nazipanga kichwani kabla sijalala, kuanzia juu, ili nisizipoteze. Wiki hii, nikifika pale katikati, nimeanza kutokuwa na hakika.

Baba yako,
Felisian